Nyumbu Hawafuati Mvua Tu: Majibu kwa Wanaoyadharau Madini ya Mama na Ndama

Nyumbu wa Serengeti wanafuata mvua. Hilo ndilo dai linalorudiwa kuliko yote, na waongoza watalii, na vitabu vya shule, na watangazaji wa televisheni. Ukilipokea lilivyo, hutaweza kueleza kinachotokea kila mwaka kuanzia Novemba. Kaskazini-magharibi mwa Serengeti hupata mvua nyingi zaidi, na kaskazini kuna Mto Mara na majani marefu. Kusini-mashariki, kuelekea Ndutu na Olduvai, mvua ya mwaka ni kama milimita 500 tu, nusu au pungufu ya ile ya kaskazini-magharibi. Huko hakuna mto wa kudumu, na maziwa yaliyopo ni ya magadi. Mnyama anayetafuta mvua na wingi wa majani peke yake asingehangaika kwenda huko. Nyumbu wanakwenda, na ndiko majike wanakozalia kati ya mwishoni mwa Januari na Machi. Ndama wanane katika kila kumi huzaliwa ndani ya wiki tatu hivi.

Mvua inawaruhusu kwenda, kwa sababu bila madimbwi ya masika uwanda ule haukaliki. Lakini kuruhusiwa kwenda mahali ni jambo moja, na kuwa na sababu ya kwenda ni jambo jingine. Sababu kubwa iko ardhini. Uwanda wa majani mafupi umetandikwa majivu ya volkano kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, zikiwemo Kerimasi na Oldoinyo Lengai, mlima ambao bado uko hai na uliolipuka mara ya mwisho kwa kishindo kikubwa mwaka 2007. Lava ya Lengai haina mfano duniani: imejaa sodiamu na kalsiamu badala ya silika iliyozoeleka katika volkano nyingine. Chini ya udongo wa uwanda ule kuna tabaka gumu la chokaa ambalo mizizi ya miti hailipenyi, ndiyo maana miti ni ya kutafuta. Majani ni mafupi, lakini kila tonge lina madini ambayo majani marefu ya kaskazini hayana kwa kiwango hicho.

Haya si mawazo yangu. Mwaka 1975 Kreulen alichapisha utafiti uliohusisha uchaguzi wa malisho wa nyumbu katika uwanda huo na kalsiamu na unyonyeshaji. Mwaka 1988 Samuel McNaughton alionyesha katika jarida la Nature kwamba hata wanyama wasiohama wa Serengeti hujazana mahali ambapo majani yana magnesiamu, sodiamu na fosforasi kwa wingi zaidi. Miaka miwili baadaye alirudi katika jarida hilohilo na kuihusisha safari ya wahamaji na madini ya majani, akisisitiza mahitaji ya majike wanaonyonyesha na watoto wanaokua. Martyn Murray, mwaka 1995, alipiga hesabu ya mahitaji ya nyumbu jike na kuitilia mkazo fosforasi. Na mwaka 1997 McNaughton, pamoja na Feetham Banyikwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walionyesha kwamba wanyama wenyewe, kwa kula, kukojoa na kunya, huharakisha mzunguko wa sodiamu na naitrojeni katika malisho yao. Kundi linairutubisha ardhi inayolinyonyeshea watoto.

Zipo sababu nyingine za kuupenda uwanda ule, na sioni haja ya kuzificha: simba hana pa kujificha, na ardhi haituamishi tope kama udongo mweusi wa pamba. Lakini jike anayenyonyesha ana deni la kila siku ambalo jicho la kumwona simba halilipi.

Wapo wanaokubali hayo yote kisha wakasema: sawa, mama anahitaji kalsiamu, ila ndama ana maziwa, na maziwa yana kila kitu. Hili ndilo dai ninalotaka kukaa nalo muda mrefu, maana linaonekana jema na ndilo linalopotosha zaidi.

Maziwa hayana kila kitu. Chukua ya ng'ombe, ambayo yamepimwa kuliko ya mnyama mwingine yeyote. Lita moja ina zaidi ya gramu moja ya kalsiamu, lakini shaba yake mara nyingi haifiki hata miligramu 0.2, na chuma hakifiki miligramu moja. Ukimlisha mama shaba zaidi, maziwa yake hayabadiliki sana. Chuma ni vivyo hivyo. Mwili wa mama umeufunga mlango huo, na hapa ndipo watu wanapokosea wanapodhani kwamba lishe ya ndama huanza siku anapozaliwa. Shaba ya ndama huwekwa kwenye ini lake akiwa bado tumboni, hasa katika theluthi ya mwisho ya mimba. Anazaliwa na akiba yake, kama kaya inayoingia kiangazi na nafaka iliyokwisha kuwekwa ghalani, na akiba hiyo ndiyo inayomvusha hadi atakapoanza kula majani ya kutosha.

Ghala likiwa tupu, matokeo yanajulikana vizuri kwa kondoo. Mama aliyekosa shaba wakati wa mimba huzaa mwanakondoo mwenye miguu ya nyuma iliyolegea, anayeyumba au asiyeweza kusimama kabisa. Neva za uti wa mgongo zimeharibika kabla hajaliona jua, na kumpa shaba baada ya hapo hakuzirudishi. Mama mwenyewe anaweza kuwa mzima wa kutazamwa. Kwa hiyo wanaosema “majike wamenenepa, basi hakuna upungufu” wanaangalia mwili usiohusika.

Sasa tazama kalenda ya nyumbu. Mimba yao huchukua miezi minane na ushee. Madume hupanda mwishoni mwa masika, kuanzia Mei. Theluthi ya mwisho ya mimba basi huangukia kati ya Novemba na Januari, majike wakiwa njiani kuelekea uwandani au wamekwisha kufika. Wanakula majani ya majivu yale wiki nyingi kabla ya kuzaa. Sidai kwamba shaba ndiyo iliyopanga tarehe hizo. Ninachodai ni kwamba ukiwachelewesha majike hadi wazae kwanza, kisha ukawafungulia njia, utakuwa umewapa kalsiamu ya maziwa na kuwanyima nafasi ya kujaza maini ya watoto wao.

Madini mengine yana mlango ulio wazi. Seleniamu hupita kwenye kondo na kwenye maziwa pia, na kiwango chake hupanda na kushuka kadiri mama anavyokula. Aidini nayo hivyo hivyo. Wazazi wa Tanzania waliofundishwa kliniki kutumia chumvi yenye madini joto hawatashangaa kusikia kwamba mbuzi aliyekosa aidini huweza kuzaa mtoto mfu, au mwenye rovu na asiye na manyoya. Zinki ni nyingi kwenye dang'a, yale maziwa mazito ya siku za kwanza, kisha hupungua. Na kobalti ina njia yake ya peke yake: vijidudu wa tumbo la kwanza la mnyama anayecheua huitumia kutengeneza vitamini B12. Tumbo hilo kwa ndama mchanga bado halijafanya kazi, kwa hiyo hawezi kujitengenezea. Anategemea B12 ya mama, kwenye maziwa na kwenye ini lake mwenyewe. Majani yenye kobalti chini ya miligramu 0.1 kwa kilo ya majani makavu huhesabiwa kuwa haba. Kiasi kidogo hivyo ndicho kinachoamua kama ndama atakua au atadumaa.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba madini yanayohitajika kidogo yana umuhimu kidogo.

Dai la tatu lina heshima kwa wanyama, na kwa sababu hiyo watu wema hulipenda: mnyama wa porini anajua anachohitaji, hawezi kupungukiwa. Kwa sodiamu, ni kweli. Derek Denton wa Australia alitumia miaka mingi kuonyesha jinsi kondoo aliyepungukiwa sodiamu anavyoitafuta na kunywa kiasi kinachomtosha. Kila mfugaji aliyeona mifugo ikikimbilia udongo wa chumvi anajua hilo bila kuambiwa na maabara. Lakini hakuna ushahidi wa namna hiyo kwa shaba, wala seleniamu, wala kobalti. Mnyama hazionji. Anaweza kusimama katikati ya majani mengi, akala akashiba, na ini lake likazidi kukauka.

Hata pale hamu inapokuwepo inaweza kumponza. Huko Afrika Kusini, karne moja hivi iliyopita, Arnold Theiler na wenzake walichunguza ugonjwa uliokuwa ukipoozesha na kuua ng'ombe kwenye malisho yaliyokosa fosforasi. Waligundua kwamba ng'ombe wenye njaa ya fosforasi walikuwa wakitafuna mifupa ya mizoga, na kwenye mizoga hiyo kulikuwa na sumu ya botulizimu. Mwili ulijua unachokosa. Ujuzi huo ndio uliowapeleka kwenye sumu.

Na wanyama wa porini hupungukiwa. Nchini Afrika Kusini, hifadhi ya swala waitwao bontebok ilihamishwa mwaka 1960 kutoka Bredasdorp kwenda Swellendam, na upungufu wa shaba katika malisho ya kwanza ulikuwa miongoni mwa sababu. Kaskazini mwa California, Werner Flueck aliwapa ayala majike wenye mkia mweusi vidonge vizito vya seleniamu vinavyokaa tumboni na kuyeyuka polepole. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1994 yalionyesha kwamba watoto waliofikia umri wa kuachishwa kunyonya walipanda kutoka 32 kwa kila majike 100 hadi 83. Malisho hayakubadilika, wala wanyama wala nyama hawakuondolewa. Kilichoongezwa ni seleniamu tu.

Kuhusu wanyama wala nyama, kuna wanaosema ndama hufa kwa sababu ya fisi, yaliyobaki ni maneno ya wataalamu. Ukimkuta fisi juu ya ndama, umemwona aliyemla. Bado hujajua kwa nini ndama huyo alishindwa kukimbia. Ndama wa nyumbu husimama dakika chache baada ya kuzaliwa na muda mfupi baadaye anakimbia ubavuni mwa mama. Upungufu wa seleniamu hushambulia misuli ya wanyama wachanga, ya miguu na hata ya moyo. Nyama inakuwa na michirizi myeupe. Mtoto wa namna hiyo akibaki nyuma kwa hatua kumi, sababu ya kifo itakayoandikwa ni fisi. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo Serengeti. Huko Simon Mduma na wenzake, katika uchambuzi wa kumbukumbu za miaka 40 uliochapishwa mwaka 1999, walionyesha kwamba kinachotawala idadi ya nyumbu ni chakula cha kiangazi, na kwamba vifo vingi vinatokana na utapiamlo kuliko meno ya wanyama wala nyama. Utafiti huo unanibana hata mimi: madini ya masika hayafuti njaa ya Septemba. Ila unambana zaidi anayemlaumu fisi.

Wengine husema udongo wa volkano una kila kitu, kwa hiyo Bonde la Ufa zima liko salama. Jibu liko Nakuru. Enzi za ukoloni, ng'ombe wa walowezi wa eneo hilo walikonda na kufa katikati ya malisho, hata ugonjwa ukapewa jina la mji. Baadaye ilijulikana kuwa ni upungufu wa kobalti, baada ya utafiti wa Australia wa mwaka 1935 kufungua macho ya dunia kuhusu madini hayo. Nakuru ni nchi ya majivu ya volkano pia. Lakini majivu hutofautiana kulingana na tumbo la mlima yalikotoka, na ya Nakuru hayakutoka Lengai.

Karibu na Ziwa Nakuru lenyewe kuna jambo la pili. Udongo wenye magadi mengi huwezesha mimea kufyonza molibdeni zaidi. Molibdeni hiyo ikikutana na salfa ndani ya tumbo la mnyama anayecheua, huikamata shaba na kuizuia isiingie mwilini. Shaba inaweza kuwepo kwenye majani, ikapimwa, ikaonekana inatosha, na mnyama asiipate. Maskall na Thornton, waliochapisha mwaka 1989 uchunguzi wao wa Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru, walikuta dalili za upungufu wa shaba kwa swala pala na kuro. Hifadhi hiyo ilikuwa imezungushiwa uzio wa umeme katika miaka hiyo ya 1980 ili kuwalinda faru, na ulinzi huo ulihitajika kweli. Kuro wa zamani alikuwa na nafasi ya kutoka kwenye udongo mmoja akaingia mwingine. Kuro wa ndani ya uzio anakula udongo mmoja tangu mimba hadi kifo.

Hapo ndipo huingia pendekezo linaloonekana la busara: basi tuwawekee mawe ya chumvi, kama tunavyowawekea ng'ombe. Nalipinga kwa moyo wote, isipokuwa pale ambapo uzio umeshafunga kila njia na daktari wa wanyamapori amepima damu na maini. Jiwe la chumvi la kawaida ni sodiamu na klorini kwa sehemu kubwa. Mnyama atalilamba kwa hamu ya chumvi, na madini mengine ataambulia kadiri alivyolamba, si kadiri anavyohitaji. Madume wakubwa hulimiliki, majike wenye ndama wachanga hukaa mbali. Kiasi cha shaba ambacho ng'ombe anakistahimili kinaweza kumuua kondoo, sasa nani amepima kiasi cha swala, pofu, kuro na digidigi wanaopita penye jiwe hilohilo? Kwa seleniamu hatari ni kubwa zaidi. Kondoo na ng'ombe wanahitaji kati ya miligramu 0.1 na 0.3 kwa kilo ya malisho makavu, na kiasi cha miligramu 5 tayari kinahesabiwa kuwa ukingo wa sumu. Tena jiwe hukusanya midomo mingi mahali pamoja siku baada ya siku, pamoja na minyoo na kimeta.

Wafugaji wa Kimaasai wanalielewa hili la kukusanyika kuliko mtu yeyote. Ndama wa nyumbu katika miezi yao ya kwanza hutoa kirusi kisichowadhuru wao lakini kinachoua ng'ombe. Kwa hiyo wafugaji huondoa mifugo yao uwandani wakati nyumbu wanazaa, yaani wakati uleule majani yanapokuwa bora kuliko msimu mwingine wowote. Ng'ombe wenye mimba na wanaonyonyesha wanapelekwa kwenye malisho duni ili wasife. Anayesema kwamba mfugaji haijui thamani ya majani yale hajawahi kumwuliza ni kitu gani anakiacha nyuma kila Februari.

Limebaki dai ambalo husikika zaidi kwenye vikao vya ardhi: njia zikifungwa, wanyama watazoea. Hifadhi ina maji, ina majani, ina askari, wakae humo.

Tarangire inatoa jibu. Mto Tarangire ndio unaowaokoa wanyama wakati wa kiangazi, na mipaka ya hifadhi ilichorwa kuuzunguka. Lakini nyumbu wa huko wanapozaa huwa wametoka nje, kwenye uwanda wa Simanjiro, katika ardhi ya vijiji. Tumelinda mahali wanapoponea kiangazi, tukaacha nje mahali wanapozalia. Utafiti ulioongozwa na Margje Voeten na kuchapishwa mwaka 2010 uliuliza ingekuwaje wanyama hao wakibaki ndani mwaka mzima, na ukatahadharisha kwamba ubora wa majani ya humo hauwatoshi nyumbu majike katika kipindi cha kunyonyesha. Mama hazembei. Mwili wake utatoa kalsiamu na fosforasi kwenye mifupa yake ili maziwa yatoke, mwaka huu na labda mwaka ujao. Baadaye atakaa mwaka bila kushika mimba. Nyumbu wa Tarangire wamepungua sana tangu miaka ya 1980, mashamba yakizidi kuziba njia na ujangili ukiongeza pigo. Huko Kenya, nyumbu waliokuwa wakitoka Hifadhi ya Nairobi kwenda nyanda za Athi-Kaputiei karibu wametoweka kwa uzio na ujenzi. Hawakuzoea.

Katikati ya miaka ya 2000, kijiji cha Terrat huko Simanjiro kilikubali kutolima sehemu ya uwanda wake, kikaendelea kuchunga mifugo humo, na kampuni za utalii zikakilipa kila mwaka. Ninauunga mkono mpango huo kuliko jiwe lolote la chumvi, kwa sharti kwamba malipo yafike kwa wenye ardhi na yasikatike msimu wa watalii unapoyumba. Tanzania ina Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na kanuni za shoroba za mwaka 2018. Vyote viwili vinaweza kutumika kuchora mahali pa kuzalia kabla ya kuchora njia ya kupitia, maana ushoroba usioishia kwenye majani ya kunyonyeshea hauna wa kumpeleka popote. Kinachohitajika kwanza ni kupima udongo na majani ya Simanjiro, Loliondo na Ndutu, kijiji kwa kijiji, shaba, seleniamu na kobalti zikiwemo, na majibu yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla trekta la kwanza halijaingia.